Msitu wa Kakamega Ulivyogeuzwa Kuwa Tarakimu

Msitu wa Kakamega, ambao wataalamu wa mimea huuhesabu kuwa masalio ya upande wa mashariki ya ule msitu mkubwa wa mvua wa bonde la Kongo, una historia mbili. Ya kwanza ni ya sheria na mipaka: ulitangazwa kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1933, wakati wachimbaji waliomiminika Kakamega kutafuta dhahabu tangu 1931 walipokuwa wakihitaji kuni na nguzo za machimbo, sehemu za Isecheno na Yala zikatengwa kuwa hifadhi asilia mwaka 1967, na upande wa kaskazini, yaani Buyangu pamoja na Kisere, ukafanywa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985. Historia ya pili ni ya tarakimu, nayo haijasimuliwa kwa kiasi inachostahili. Kwa zaidi ya miaka hamsini sasa msitu huu umekuwa ukipimwa kutoka angani na kuandikwa kwa namba, na namba hizo zilikaa ghalani muda mrefu kabla ya kupatikana kompyuta ambayo mtafiti wa kawaida angeweza kuzisomea.

Historia hiyo inaanza tarehe 23 Julai 1972, Marekani iliporusha setilaiti iliyokuja kujulikana kama Landsat 1. Kenya haikuwa mgeni wa mambo ya anga, kwa sababu miezi kumi na tisa kabla ya hapo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilikuwa imerushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Lakini Uhuru ilitazama nyota, ilhali Landsat ilitazama ardhi, na kwa sababu ilizunguka dunia kutoka ncha hadi ncha ikiwa kilomita 900 hivi juu, ilirudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18. Ilibeba vyombo viwili. Kilichotegemewa zaidi kilikuwa kamera tatu za mfumo wa televisheni. Cha pili, ambacho wengi walikichukulia kuwa cha majaribio, kilikuwa skana iliyobuniwa na Virginia Norwood, mhandisi wa kampuni ya Hughes. Kioo chake kilitikisika mara kumi na tatu hivi kwa sekunde, kikapokea mwanga unaorudishwa na ardhi, na kila kipimo cha mwanga huo kikaandikwa kuwa namba. Kamera zilizimwa baada ya wiki chache kwa hitilafu ya umeme, na skana ikabaki peke yake. Tukio hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana: picha ya televisheni hungoja jicho la mtu, lakini namba zaweza kujumlishwa, kugawanywa na kulinganishwa na namba za mwaka mwingine, na kazi hiyo ndiyo kompyuta iliyoundiwa.

Namba zenyewe zilipangwa katika nukta, au pikseli, ambayo ni mraba mdogo kabisa ambao chombo kinaweza kuutofautisha na jirani yake. Pikseli ya Landsat 1 ilikuwa na upande wa karibu mita 80, sawa na ekari moja na nusu hivi za ardhi, na mwanga wake ulipimwa mara nne, katika kijani, katika nyekundu, na katika sehemu mbili za infraredi, ambayo ni mwanga usioonekana kwa macho. Kila kipimo kilipewa daraja moja kati ya 64. Kwa kipimo hicho, eneo zima la msitu lililowekewa mipaka, takriban kilomita za mraba 240, lilikuwa na nukta zipatazo 37,500 tu. Ndani ya msitu mkubwa ulioshikamana jambo hilo halikudhuru sana. Nje yake, katika vijiji vya Isukha na Kabras ambako shamba la familia mara nyingi halizidi ekari mbili, nyumba, mahindi, migomba na mikalitusi ya boma moja viliyeyuka pamoja katika pikseli moja, na kompyuta ikapokea wastani wa vitu ambavyo hakuna mwenye shamba angevitaja kwa jina moja.

Mwaka huohuo wa 1972, mjini Kakamega, kilianzishwa chuo cha ufundi na sayansi tumizi kilichoitwa kwa kifupi WECO. Kilikuja kuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Chuo na setilaiti havikujuana, lakini kuziweka tarehe hizo pamoja kunaonyesha umbali uliokuwapo kati ya mahali palipopigwa picha na mahali picha zilipoweza kusomwa. Picha moja kamili, yenye upana wa kilomita 185, ilikuwa na baiti zipatazo milioni 30, baiti ikiwa ni nafasi ya kuhifadhia herufi moja au namba moja ndogo. Zilihifadhiwa katika kanda za sumaku, zilizoviringishwa kwenye magurudumu makubwa na kusomwa na mashine zilizojaza chumba kizima. Kenya ilikuwa na kompyuta chache za aina hiyo, hasa Nairobi, nazo zilikuwa na kazi ya mishahara na hesabu za mashirika. Kituo cha kikanda cha upimaji ardhi na ramani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975, ambacho leo kipo Kasarani na kinajulikana kwa kifupi RCMRD, kilikuwa miongoni mwa milango michache ambayo elimu hii iliingilia Afrika Mashariki.

Ni rahisi kudhani kwamba kompyuta ndogo za mezani ziliondoa kikwazo hicho mara zilipotokea. Hazikukiondoa. Kichakataji kidogo cha kwanza kuuzwa, yaani kipande kimoja cha silikoni kinachofanya hesabu zote za kompyuta, kilitolewa na Intel mnamo Novemba 1971 kikiwa na transista 2,300, lakini ilipita miaka kumi kabla ya IBM kutoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, ikiwa na kumbukumbu inayoanzia kilobaiti 16. Toleo lake la mwaka 1983 lilikuja na diski ya ndani ya megabaiti 10, ambayo wakati huo ilionekana kuwa ghala lisilojaa, na bado picha moja ya Landsat ya mwaka 1972 ingehitaji diski tatu kama hiyo. Kisha setilaiti zenyewe zikakimbia mbele zaidi. Landsat 5, iliyorushwa Machi 1984, ilikuwa na pikseli ya mita 30, yaani chini kidogo ya robo ekari, ikapima mwanga katika kanda saba na kwa daraja 256, hivyo kwamba picha moja ilizidi baiti milioni 200. Msitu uleule wa Kakamega, uliokuwa na nukta 37,500, sasa ulikuwa na nukta zaidi ya 260,000.

Bei nayo ilikuwa ukuta. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ilikabidhi uuzaji wa picha za Landsat kwa kampuni binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi kufikia dola 4,400 hivi. Kwa chuo cha Afrika Mashariki hiyo ilikuwa fedha ya kununua vifaa vya maabara, na ni haki kusema kwamba kipindi hicho kilipoteza kizazi kizima cha watafiti ambao wangeweza kuufuatilia msitu wao wenyewe mwaka kwa mwaka.

Upande wa programu, yaani maagizo yanayoiambia mashine la kufanya, ulikuwa na ukarimu zaidi. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Clark huko Massachusetts kilitoa programu ya bei nafuu ya kuchambua picha na ramani, iliyokusudiwa kufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, na kikaiita Idrisi kwa heshima ya al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12 ambaye katika maelezo yake ya dunia aliitaja pia Malindi na Mombasa. Programu za namna hiyo huitwa mifumo ya taarifa za kijiografia. Huweka tabaka za ramani moja juu ya nyingine, mipaka, mito, barabara na picha za setilaiti, ili mtafiti aulize swali ambalo ramani moja haiwezi kulijibu, kwa mfano ni kiasi gani cha msitu kilichopotea ndani ya kilomita moja kutoka barabara fulani.

Hata hivyo, programu hiyo haikujua msitu ni nini. Ilichokuwa nacho ni tabia ya mwanga. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kutengeneza chakula cha mmea na kuirudisha infraredi kwa wingi, kwa hiyo ukichukua tofauti ya vipimo hivyo viwili na kuigawanya kwa jumla yao, unapata namba inayopanda kadiri majani yanavyozidi kuwa mengi. Kanuni hii ilianza kutumika katika miaka ya 1970 na ni nzuri kwa kutenganisha kijani na ardhi tupu. Lakini Kakamega karibu yote ni kijani. Miwa ni kijani, chai iliyopandwa pembezoni mwa msitu kuanzia mwaka 1986 katika mpango wa Nyayo ni kijani, vichaka vya mipera vilivyojaza nafasi zilizokatwa ni kijani, na kadhalika misonobari ya serikali na mikalitusi ya wakulima.

Kazi ya kuifundisha kompyuta tofauti hizo ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kukaliwa muda mrefu zaidi. Mtafiti huchagua mahali anapopafahamu, akaizungushia mstari sehemu ya picha na kuipa jina: huu ni msitu mkongwe, huu umechipuka baada ya kukatwa, hii ni chai. Programu hukokotoa wastani wa mwanga wa kila kundi na kiwango cha kutawanyika kwake, kisha huipitia picha nzima na kuipa kila nukta jina la kundi ambalo kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nyumbani kwake. Hesabu ni ya mashine, majina ni ya watu waliotembea. Katika Kakamega watu hao wamekuwa pia wale wanaoutambua mwiritsa kwa gome lake na lusiola kwa maua yake ya manjano.

Kutembea kwenyewe kulisubiri teknolojia nyingine. Hadi Mei 2000, mitambo ya kawaida ya GPS, ambayo hupokea mawimbi ya setilaiti na kuonyesha mahali ilipo, ilipotoshwa makusudi na serikali ya Marekani kwa sababu za kijeshi, na kosa lake liliweza kufika mita 100. Mtu angeweza kusimama chini ya mti na kuandika namba za pikseli ya tatu kutoka pale alipo. Upotoshaji ulipoondolewa kosa lilishuka hadi mita kumi au ishirini, na ndipo hatua za miguu zilipoweza kuoanishwa na nukta ya mita 30.

Mwaka uliofuata ulianza mradi wa utafiti wa BIOTA Afrika Mashariki, uliofadhiliwa na Wizara ya Elimu na Utafiti ya Ujerumani na kuchunguza Kakamega pamoja na misitu ya Budongo na Mabira nchini Uganda. Wataalamu wa ramani wa Karlsruhe walikusanya picha za Landsat kuanzia zile za mwanzo kabisa, wakazipanga kwa nyakati hadi mwaka 2001, na kuzirudisha nyuma zaidi kwa picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Picha zilizofaa hazikuwa nyingi, kwa sababu Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Setilaiti hupita asubuhi, kabla ya mawingu ya alasiri kujikusanya, lakini katika miezi ya mvua hata asubuhi haiaminiki, na watafiti hutegemea zaidi miezi ya kiangazi kati ya Desemba na Februari. Tarakimu zilizoandikwa mwaka 1972 zilipata hivyo msomaji wake karibu miaka thelathini baadaye, katika kompyuta ya mezani.

Milango miwili ilifunguka karibu wakati mmoja. Mwaka 2008 Marekani iliamua kutoa hazina yote ya picha za Landsat bila malipo, na mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini. Bure peke yake isingetosha, kwani kwa laini ya simu ya kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde picha moja ya baiti milioni 200 ingechukua saa nane bila kukatika hata mara moja. Kuanzia hapo mwanafunzi mjini Kakamega aliweza kuipata kwa muda wa kipindi kimoja cha darasa, na kuifungua kwa QGIS, programu huria ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Januari 2009. Tangu 2015 setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zimeongeza picha za pikseli ya mita kumi, eneo lisilozidi sana ukubwa wa nyumba na ua wake.

Kisha mashine zikaacha kuja kwa mtafiti mmoja mmoja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walichapisha ramani ya mabadiliko ya miti ya dunia nzima kutokana na picha 654,178 za Landsat 7, kwa kutumia kompyuta 10,000 za Google zilizofanya kazi kwa pamoja. Kakamega imo. Lakini ramani hiyo inauhesabu kuwa mti kila mmea unaozidi mita tano kwa kimo, na haiulizi umepandwa na nani wala kwa ajili gani, hivyo kwamba mkulima wa Shinyalu anapokata mikalitusi yake ili alipe karo, nukta zake zaweza kuonekana sawa na zile za miti ya miaka mia iliyokatwa Isecheno, na tofauti hiyo huingia katika tarakimu pale tu mtu anayelijua shamba hilo anapoizungushia mstari na kuiandikia jina lake.