Muuguzi Tabibu wa Watoto

Mzazi Mkongo aliyehamia Marekani humpeleka mwanawe kliniki akitarajia kumwona daktari. Anaingia mtu mwenye beji ya uuguzi, anampima mtoto, anamwandikia dawa na kuaga. Mzazi hubaki akijiuliza: mbona daktari hakuja?

Cheo cha mtu huyo, kwa Kiingereza “pediatric nurse practitioner”, kilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965. Loretta Ford, muuguzi wa afya ya jamii, na Henry Silver, daktari wa watoto, walianzisha mafunzo ya kuwaandaa wauguzi kuwahudumia watoto katika jamii ambazo madaktari walikuwa adimu. Leo mwenye cheo hicho huwa na shahada ya uzamili au ya uzamivu na leseni ya jimbo. Anaruhusiwa kuandika dawa katika majimbo yote 50, ingawa katika baadhi ya majimbo sharti awe na makubaliano ya kazi na daktari.

Tuchukue mtoto wa miaka mitatu anayelia kwa maumivu ya sikio. Muuguzi huyu huchungulia kiwambo cha sikio kwa kifaa chenye taa, akiangalia kama kimevimba na kuwa chekundu. Akithibitisha maambukizi, huamua kama antibayotiki zianze leo, au mtoto apewe dawa ya maumivu na kuangaliwa kwa siku mbili tatu. Uamuzi ni wake. Papo hapo hukagua kadi ya chanjo na chati ya ukuaji, na kumuuliza mama jinsi mtoto anavyolala na kula.

Tumwiteje kwa Kiswahili, basi? “Muuguzi wa watoto” halitoshi, kwani jina hilo tayari ni la anayehudumia wodini kwa maagizo ya daktari. “Muuguzi bingwa wa watoto” linataja ujuzi, lakini linanyamazia mamlaka ya kutambua ugonjwa na kutibu. “Daktari msaidizi” linapotosha kabisa: hakusomea udaktari, na Tanzania jina hilo lina wenyewe.

Linalofaa ni “muuguzi tabibu wa watoto”. “Tabibu” ni anayetibu. Neno “muuguzi” likitangulia, hachanganywi na afisa tabibu wa Tanzania, ambaye mafunzo yake ni mengine. Kwa maneno mawili hayo msikilizaji anajua ametoka fani gani na anaruhusiwa kufanya nini.

Wanaotangaza huduma hii kwa wasemaji wa Kiswahili wasiishie kwenye jina. Bango liseme: “Muuguzi tabibu wa watoto hupima, hutibu, huandika dawa na kuchanja. Ugonjwa ukizidi uwezo wake, humpeleka mtoto kwa daktari bingwa.” Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe: mzazi humwamini upesi mhudumu anayesema wazi kazi yake inaishia wapi.