Marehemu Wasio na Tarehe

Katika mji wa Lubumbashi liko sinagogi lililojengwa mwaka 1930, mji huo ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Wengi waliosali humo asili yao ni kisiwa cha Rhodes, ambacho Matendo ya Mitume hukitaja kwa jina la Rodo. Babu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, wakatawanyika katika dola ya Waturuki, wakiendelea kusema Kihispania chao cha kale kiitwacho Ladino. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa kisiwa hicho walianza kuja Katanga kutafuta biashara, huku wazazi wengi wakibaki nyumbani. Pamoja na lugha yao walileta desturi ya kuwakumbuka marehemu, nayo ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Mwaka unapotimia tangu mtu afariki, jamaa hukusanyika kwa ajili ya meldado. Neno hilo la Ladino latokana na kitenzi cha kusoma: husomwa Zaburi na mafungu ya Mishna, ambayo ni mafundisho ya marabi wa kale, kisha waliohudhuria hula pamoja. Wayahudi wa Ujerumani na Poland huiita siku hiyo yartsaiti, nao huwasha mshumaa uwakao usiku kucha na mchana kutwa, kwa kuwa kitabu cha Mithali hulinganisha roho ya mtu na taa ya Bwana.

Pande zote mbili husali Kadishi, na kwa desturi ya kale sharti wawepo wanaume kumi. Sisi wenyewe kwa miaka mingi tuliwaambia wanafunzi kwamba hiyo ni sala ya kuwaombea wafu. Tulikosea. Kadishi, ambayo ni ya Kiaramayo, haitaji kifo wala marehemu. Huomba tu kwamba jina la Mungu litukuzwe na utawala wake uje, maombi ambayo asaliye Baba Yetu atayatambua mara moja. Mtoto aliyefiwa na mzazi huisali kila siku, katika jumuiya nyingi kwa muda wa miezi 11. Sababu ya hesabu hiyo yatupendeza: marabi wa kale walifundisha kwamba waovu huhukumiwa kwa miezi 12, na hakuna mtoto apendaye kumhesabu baba yake pamoja nao. Baada ya hapo huirudia kila mwaka, siku ile ile ya kifo.

Siku ile ile! Hapo ndipo penye uzito. Tarehe hufuata kalenda ya Kiebrania, ambamo siku huanza jua linapotua. Aliyekufa baada ya machweo huhesabiwa siku inayofuata. Mara saba katika miaka 19 huongezwa mwezi mzima, hata Adari ikawa miwili. Je, aliyefariki katika Adari ya mwaka wa kawaida akumbukwe katika upi? Katika karne ya 16 Rabi Yosef Karo aliamua mwezi wa pili, naye Rabi Moshe Isserles wa Kraków akashika ule wa kwanza. Watu walibishana hivyo kwa sababu hawakutaka marehemu akose siku yake.

Basi, mwezi wa Julai 1944 askari wa Ujerumani waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, wapatao 1,700, wakawapakia mashuani, kisha katika mabehewa, hadi Auschwitz. Safari ilichukua zaidi ya wiki tatu. Wengine walifia njiani, wengi waliuawa mara walipofika Agosti, wengine walidhoofika kwa kazi na njaa miezi iliyofuata. Walipona wapatao 150. Baadhi yao walikuja Congo baada ya vita, akiwemo kijana Sami Modiano, aliyepoteza baba na dada kambini. Hapa Katanga walikuwapo watu waliotambua kwamba mama hayupo tena, lakini meldado yake waifanye lini?

Sheria ya Kiyahudi ilikuwa na jibu tangu zamani: asiyeijua siku ya kifo ajichagulie siku na kuishika. Lakini waliofiwa bila tarehe walikuwa sasa wengi mno, na marehemu wengi hawakuacha hata mtoto wa kuwachagulia. Kwa hiyo Urabi Mkuu wa Israeli uliteua siku ya 10 ya mwezi wa Tebeti iwe siku ya kuwasalia Kadishi wote ambao siku yao haijulikani. Kwetu sisi, uteuzi huo una busara kubwa. Tarehe hiyo ilikuwa tayari siku ya mfungo, kwa maana ndiyo siku ambayo Nebukadneza alianza kuuzingira Yerusalemu, kama kisemavyo Kitabu cha Pili cha Wafalme. Waliokosa siku yao wakapewa nafasi katika msiba wa taifa zima, ambao tarehe yake ilikwisha kuandikwa. Huangukia Desemba au mwanzoni mwa Januari. Mshumaa huwashwa jioni iliyotangulia, kwa kuwa jua likishatua tarehe 10 imekwisha kuingia.