Habari ya Nyumba Zetu na Mafundi

Zamani huku Upareni tulijengeana kwa msaragambo. Majirani walikuja, mwenye nyumba akatoa makande na dengelua, basi. Yalipokuja mabati na saruji akaja na fundi wa kulipwa, na ugomvi naye. Anachukua fedha ya mwanzo, akifika kwenye linta anahamia kazi nyingine Same mjini.

Mwenzetu mmoja alikaa masika mawili chini ya turubai. Fundi alishikilia milango akidai nyongeza, kisha akaandikiana na mumewe nyumba iwe dhamana ya deni. Mama hakuambiwa!

Tukaenda naye kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Karatasi ikachanwa palepale. Milango ilirudi baada ya kulipwa kile kilichobaki kweli.

Tangu hapo mkopo wa ujenzi tunautoa kwa hatua: msingi, linta, kupaua. Akina mama wawili wanakwenda kwanza kuangalia. Mafundi wengine walinuna, eti wanawake tunajua nini habari ya tofali. Wazuri tunao mpaka leo.