Kilio cha Lovanium

Tarehe 4/6/1969 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium waliandamana Kinshasa juu ya bursi. Maaskari wakafyatua risasi, wanafunzi wakafa.

Kiisha miaka 2, siku ile ile, wenzao walikusanyika kampasi kuwalilia. Mobutu akafunga chuo, akawatia wanafunzi jeshini. Mwezi wa 8 mwaka 1971, vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikaunganishwa kuwa UNAZA.

Wale walijua hatari, lakini hawakukubali kubaki na kilio moyoni. Sisi leo hakuna askari anayetukataza kulia, tunajikataza wenyewe. Nilipofiwa na rafiki wa promosheni yetu, nilijificha nyuma ya vitabu, nikisema mwanaume halii. Usingizi ukakimbia, mitihani ikanishinda, nikarudia mwaka. Mdogo mmoja tuliyekaa naye chumba kimoja njo aliniuliza: "Yaya, ulisha kulia?" Siku ile nililia mpaka asubuhi, naye alikaa tu karibu yangu.

Basi mwenzako akifiwa, usimwambie paka "vumilia". Kaa naye. Kilio hakina mtu mmoja.