Mtwa Aliyeketi Katika Kiti cha Spika

Watoto wa shule huku kwetu Iringa na Mbeya wakiulizwa habari za Mkwawa, hutaja Lugalo upesi: jinsi Wahehe walivyoliangamiza jeshi la Wadachi mwaka 1891, na jinsi mtwa wao alivyojiua mwaka 1898 asikamatwe akiwa hai. Lakini tukiwauliza habari za mjukuu wake, hunyamaza. Huyo ndiye tupendaye kumwandika.

Adam Sapi Mkwawa alizaliwa mwaka 1920, akatawazwa kuwa mtwa wa Wahehe mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka 20 tu. Siku zile Waingereza walitawala kwa mikono ya machifu, hata chifu alikuwa mtoza kodi na mwamuzi pia. Watu walimjia na mashauri yao, ya ng'ombe, ya mashamba na ya mahari, naye ilimpasa kusikiliza pande zote mbili kabla ya kunena neno.

Mwaka 1947 akaitwa Dar es Salaam kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, walikuwa wameingia mwaka 1945 tu, ingawa Baraza lenyewe lilianza mwaka 1926. Nao hawakuchaguliwa na watu, bali waliteuliwa na Gavana. Wako wawalaumuo kwa hilo; sisi twaona kwamba mlango ulikuwa mmoja.

Ndipo ikaja siku ya tarehe 19 Juni, 1954. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwaamuru Wadachi kulirudisha fuvu la Mkwawa katika miezi sita, likakawia miaka 35. Gavana Twining alilileta Kalenga, na mjukuu akalipokea kichwa cha babu yake mbele ya watu wake.

Mwezi wa Novemba 1962 akawa Spika wa Bunge, Mwafrika wa kwanza katika kiti kile. Mwaka uliofuata utawala wa machifu ukaondolewa kwa sheria. Naye alikuwa mtwa! Spika habishani, kazi yake ni kutunza zamu za wasemao. Akabaki kitini. Alitoka mwaka 1973, akampisha Chifu Erasto Mang'enya, akarudi mwaka 1975, akadumu hata mwaka 1994. Alifariki mwaka 1999.

Fuvu lile lingali Kalenga, katika nyumba ya makumbusho.