Maji ya Jericho na mita inayozunguka usiku

Nimekuwa kimya wiki tatu. Sikuwa safarini, nilikuwa nikipigana na bili ya maji. Leo basi tuiweke Java kando kidogo.

Nyumba yetu ni ya kanjo, hapa Jericho. Mita ni moja, nasi ni familia nne pamoja na wapangaji wa mabanda ya nyuma. Bili ilipopanda karibu maradufu tuliitana kikao, na macho yote yakamgeukia mama mmoja anayefua nguo za watu. Akaambiwa asiguse mfereji tena. Mimi hula kwa kutafuta makosa ndani ya programu, na nimeona mara nyingi kwamba wa kwanza kulaumiwa siye. Lakini siku hiyo nilinyamaza. Nina aibu kuliandika hilo.

Badala yake nikaanza kusoma historia (ndiyo tabia yangu nikikwama). Jina Nairobi lilitoka kwa Wamaasai, likiwa na maana ya maji baridi. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na injini za mvuke zilikuwa na kiu. Mji ukakua, mto ukachafuka, maji yakatafutwa kwenye chemchemi za Kikuyu. Bwawa la Ruiru likakamilika 1950, Sasumua 1956. Jericho ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo mabomba yetu ya chuma yana umri wa watu wanaostaafu. Kisha likaja Ndakaini, 1994, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, na sasa kuna handaki la kilomita 11.8 kule Murang'a.

Mnauona mtindo? Kila kiu inapobana tunaenda mbali zaidi. Ni kama yule mwandishi wa programu ambaye programu yake inavujisha kumbukumbu, naye anakimbilia dukani kununua RAM. Mwaka 2017 Ndakaini ilipungua tukaanza kupewa maji kwa zamu, na huku nyuma sehemu kubwa ya maji yanayoingia kwenye mabomba ya jiji hupotea njiani au haimfikii mlipaji yeyote.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Usiku mmoja wa zamu yetu nilizunguka nikihakikisha kila mfereji umefungwa, nikasoma mita saa tano, nikasoma tena saa kumi na moja alfajiri. Watu wote wamelala, na mita imekula lita 180! Mitungi tisa ya lita 20. Hiyo ni lita 30 kwa saa. Sisi hupata maji siku tatu kwa wiki, kwa hiyo piga hesabu: zaidi ya uniti 8 kwa mwezi, uniti moja ikiwa lita 1,000. Tena bei ya uniti hupanda kadiri unavyotumia, na juu yake huja ada ya majitaka, ambayo hukokotolewa kwa maji yaleyale hata kama yaliishia udongoni.

Fundi alichimba nusu siku. Bomba lilikuwa limeoza chini ya kizingiti cha bafu, mahali ambapo sisi sote tulikuwa tukisema saruji ina unyevu wa kawaida tu. Tulichanga tukaweka bomba jipya la plastiki.

Kuna jambo lingine mita lilinionyesha. Katika zile wiki tatu ambazo mama yule alikuwa amezuiwa, matumizi ya mchana hayakushuka hata kidogo. Nilidhani nimekosea jedwali langu. Kumbe maji yake ya kusuuzia alikuwa akiyamimina kwenye pipa la nyuma, na sisi sote tulikuwa tukichota humo kumwaga vyooni bila kujiuliza nani huyajaza. Pipa lilipokauka tukaanza kumwaga maji safi ya mfereji.

Yeye wakati huo alikuwa akinunua mitungi kwa watu wa mikokoteni, faida yake yote ikiishia hapo. Jumapili nilikwenda mlangoni kwake na karatasi yangu ya hesabu. Hakuitazama. Aliuliza tu kama sasa anaweza kurudisha karai lake pale mferejini, na nani atamlipa ile mitungi. Kikao ni kesho jioni.