Zakaah, Swadaqah na Waqfu kwa Asiye na Makazi: Tukitazama Zinga, Bagamoyo

AlhamduliLlaah, Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Amma ba'ad:

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa ng'ambo ya bahari, Bagamoyo na vijiji vyake. Zinga ni kata ya wilaya hiyo, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam. Jiji linazidi kusogea, na mpango wa bandari ya Bagamoyo, uliotiwa saini 2013 na kusimamishwa 2019, uliwafanya wengi waikodolee macho ardhi ya huko. Anayelala leo kwa jamaa na kesho barazani hukwama hapa: mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mtu anaweza kupata pesa ya kula kila siku na asiufikie mkupuo huo. Hapo ndipo mchango wetu unapohitajika.

Zakaah

Suratut-Tawbah, Aayah ya 60, imetaja makundi manane. Asiye na makazi huingia kwa ufakiri au umaskini. Anayedaiwa kodi na hana cha kulipia, huingia kwa wenye madeni. Zakaah humilikishwa mstahiki. Basi kamati haijengi nyumba kwa Zakaah ikaiandika kwa jina lake.

Apewe kiasi gani? Imaam an-Nawawiy ameeleza katika al-Majmuu' kuwa fakiri hupewa cha kumtoa katika uhitaji, na mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za kazi yake. Mvuvi apate nyavu, mshoni cherehani, mama lishe vyombo vyake. Kodi bila ya kazi humrudisha barazani miezi sita ikimalizika.

Kauli mashuhuri ya Kishaafi'iy ni kuwa Zakaah ibaki mji ilipo mali maadamu wastahiki wapo. Wako Wanachuoni walioruhusu kuihamisha kwa maslahi, kama jamaa mhitaji zaidi. Swadaqah haina mpaka huo. Ama wazazi, mke na watoto unaolazimika kuwalisha, hao haki yao ni nafaqah, si Zakaah.

Waqfu

Waqfu asili yake hubaki na manufaa yake hutolewa. Mji Mkongwe wa Unguja una nyumba nyingi za waqfu, na hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mlango mmoja wa duka ukiwekwa waqfu, kodi yake humpangia chumba huyu, na akishajimudu, humpangia mwengine.

Mambo ya kuzingatia

1. Hali yake ithibitishwe kwa imaam wa msikiti na mtendaji wa kijiji.

2. Iulizwe kwanza nani anawajibika naye. Aliyepewa talaka rejea, makazi yake ndani ya eda ni juu ya mume.

3. Kodi ikilipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, iwe kwa idhini ya mstahiki, na mkataba wa maandishi uwe kwa jina lake.

4. Kodi na mtaji vitolewe pamoja kila inapowezekana.

5. Asitiriwe. Picha yake isitembezwe kwenye simu za watu kwa ajili ya kuchangisha.

Mwenye jamaa Zinga asiye na paa, aanze naye: kumpa jamaa ni Swadaqah na ni kuunga udugu.

Wa-Allaahu A'lam.